Fonti mpya kwenye Windows XP: dalili za matatizo, vyanzo vyake na namna ya kuyatatua

Katika maduka ya uchapishaji ya Nairobi, kuanzia vyumba vya ghorofani vya River Road hadi karakana za Industrial Area, bado utazikuta kompyuta zinazotumia Windows XP, na sababu yake inaeleweka: mashine ya kukata stika au ya kutengeneza pleti (mabamba ya kuchapia) iliyonunuliwa kwa fedha nyingi ina driva, yaani programu ya kuiendesha, iliyoandikiwa mfumo huo peke yake, na kuiondoa kompyuta ni kuiacha mashine nzima bila kazi. Microsoft ilitoa Windows XP mwaka 2001 na ikaacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Wabunifu wa fonti (faili zenye maumbo ya herufi) za leo hawaufikirii tena mfumo huo, na ndiyo maana fundi anayeletewa fonti mpya na mteja hukumbana na matatizo ambayo mwenzake mwenye kompyuta mpya hayajui kabisa. Mengi ya yaliyoelezwa hapa yanafaa pia kwa Windows 2000, ila huko folda ya mfumo kwa kawaida huitwa WINNT badala ya WINDOWS.

Kabla ya kugusa chochote, tafuta mahali tatizo lilipokwama. Herufi hupitia hatua nne kabla ya kufika kwenye karatasi: kuna faili ya fonti yenyewe, kuna Windows inayoisajili, kuna programu inayoiomba, na kuna printa inayoichora. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimewaona mafundi wakifuta mfumo mzima na kuusakinisha upya, kazi ya kutwa nzima, ilhali kasoro ilikuwa ndani ya faili moja iliyoletwa kwenye flashi. Bofya faili ya fonti mara mbili. Ikifunguka dirisha lenye sentensi za mfano kwa ukubwa mbalimbali, faili ni nzima. Ikiwa Windows inasema kwamba hiyo si fonti halali, usiendelee kuhangaika na mipangilio, bali omba faili nyingine. Baada ya kusakinisha, fungua Character Map, ambayo imo katika kila Windows XP, na uitafute fonti humo. Ikionekana, Windows imemaliza sehemu yake na tatizo lililobaki ni la programu au la printa.

Njia sahihi ya kusakinisha ni hii. Funga kwanza CorelDRAW (programu ya michoro), Word na programu nyinginezo, fungua Control Panel, ingia Fonts, kisha katika menyu ya File uchague "Install New Font". Chagua diski na folda, subiri orodha ya majina ijae, hakikisha kisanduku cha "Copy fonts to Fonts folder" kina tiki, kisha ukubali. Aliyezoea Windows 7 hutafuta kitufe cha kusakinisha kwenye lile dirisha la sentensi za mfano na hakipati, kwa sababu katika XP hakimo.

Menyu haina "Install New Font", au Windows inakataa

Folda ya Fonts si folda ya kawaida. Windows huitambua kwa sifa maalumu ya mfumo, na sifa hiyo ikipotea, jambo linaloweza kutokea baada ya virusi kusafishwa au baada ya mtu kunakili folda hiyo kutoka diski moja hadi nyingine, folda hufunguka kama orodha tupu ya faili na menyu ya kusakinisha hutoweka. Nenda Start, kisha Run, andika cmd, na katika dirisha jeusi linalofunguka uandike amri hii:

attrib +s %windir%\fonts

Funga madirisha yote na ufungue Fonts upya. Ikiwa menyu ipo lakini Windows inakataa kunakili faili, akaunti unayotumia haina haki za msimamizi. Toka, kisha uingie kwa akaunti ya msimamizi. Hakuna njia ya mkato hapa, kwa kuwa XP haimruhusu mtumiaji wa kawaida kujisakinishia fonti.

Orodha inabaki tupu, inasema hakuna fonti iliyopatikana

Chanzo cha kwanza cha kuchunguza ni faili kuwa bado imo ndani ya ZIP. XP huionyesha ZIP kana kwamba ni folda, na hilo huwadanganya wengi, lakini dirisha la kusakinisha haliwezi kusoma yaliyomo. Toa faili zote kwanza, uziweke kwenye folda ya kawaida katika diski ya C. Faili za RAR na 7z hazifunguki kabisa bila programu ya ziada, kwa hiyo ni rahisi zaidi kuzifungua kwenye kompyuta nyingine kabla ya kuzileta.

Chanzo cha pili ni aina ya faili. XP inakubali TTF, TTC na OTF. Haiijui WOFF wala WOFF2, ambazo ni za kurasa za wavuti. Mteja aliyepakua fonti ya nembo yake kutoka kwenye tovuti ya kampuni mara nyingi huleta WOFF bila kujua, na jibu lililo bora ni kumwomba TTF ile ile kutoka kwa aliyembunia nembo, kuliko kuigeuza faili kwa programu ya bure ambayo huenda ikapoteza nafasi kati ya herufi.

Fonti za zamani za aina ya Type 1 zinahitaji faili mbili, PFB yenye maumbo ya herufi na PFM yenye vipimo vyake. Windows huitafuta PFM, kwa hiyo mtu akikuletea PFB peke yake hutaona chochote kwenye orodha. Windows 2000 na XP husoma Type 1 zenyewe, ila kwenye Windows 98 lazima Adobe Type Manager isakinishwe kwanza. Ukiwa na Type 1, fikiria kuiacha kabisa, kwani Adobe iliondoa uwezo wa kuzitumia katika programu zake mwaka 2023 na kazi utakayoiandaa nazo leo itamsumbua atakayeifungua kesho.

Chanzo kilichobaki ni fonti ya Macintosh. Fonti za zamani za Mac ziliweka data yake katika sehemu ya faili ambayo flashi ya kawaida haina nafasi yake. Matokeo yake ni faili yenye jina zuri na ukubwa wa baiti sifuri. Ukiona sifuri hiyo kwenye Properties, hakuna kilichofika, na aliyeileta arudi kwenye Mac yake atafute toleo la OTF au TTF.

Fonti ilikuwepo jana, leo haipo

Hiki ndicho kisa kinachofanya watu waamini kompyuta ina jini, ilhali chanzo chake ni kile kisanduku cha tiki. Tiki ikiondolewa, Windows hainakili faili, bali huandika tu anwani yake, na anwani hiyo ni ya flashi. Flashi ikichomolewa, au ikirudishwa ikapewa herufi nyingine ya diski, fonti hutoweka. Katika folda ya Fonts utaona ikoni yenye mshale mdogo pembeni, ishara kwamba ni njia ya mkato. Futa ingizo hilo, nakili faili kwenye diski ya C, kisha usakinishe upya kisanduku kikiwa na tiki.

Inaonekana kwenye folda ya Fonts lakini haimo kwenye programu

Anza na jambo rahisi: programu nyingi husoma orodha ya fonti mara moja tu zinapofunguliwa. Zifunge, uzifungue tena. Ikishindikana, washa kompyuta upya. Ikishindikana tena, futa faili ya FNTCACHE.DAT iliyo ndani ya C:\WINDOWS\system32 na uwashe upya, nayo Windows itaitengeneza mpya. Faili hiyo huhifadhi kumbukumbu ya fonti zote ili mfumo uwake haraka, na stima ikikatika ghafla kompyuta ikiwa kazini, inaweza kuharibika.

Zipo sababu mbili nyingine ambazo hazitibiki kwa kuwasha upya. Ya kwanza ni majina. Programu za enzi ya XP hutambua jina la fonti lisilozidi alama 31, na hutambua familia yenye sura nne tu: ya kawaida, ya mlazo, nzito, na nzito ya mlazo. Fonti mpya yenye uzito (unene wa herufi) wa aina tisa itatawanyika kwenye orodha kwa majina tofauti, na yenye jina refu kupita kiasi huenda isionekane kabisa. Kabla ya kusema haipo, pitia orodha yote, maana "Light" na "SemiBold" huenda zimejiorodhesha kama fonti zinazojitegemea. Sababu ya pili ni fonti geugeu, zile zinazobeba uzito wote katika faili moja na ambazo zilitangazwa mwaka 2016, miaka miwili baada ya XP kuachwa. XP haina namna ya kuzigeuza, na cha kutarajia ni sura moja tu ya msingi. Kifurushi cha fonti za aina hiyo mara nyingi huwa na folda nyingine ndani yake yenye faili tulivu, moja kwa kila uzito, na hizo ndizo za kusakinisha.

Badala ya herufi vinatokea visanduku, au herufi zisizohusika

Hapa ndipo nataka tukae, kwa sababu kosa hili huchapwa na kugawiwa kwa mamia ya watu. Kiswahili hakina alama juu ya herufi, hivyo fonti yoyote hukitosha. Lakini vijitabu vya mazishi, kadi za ruracio (sherehe ya mahari) na vipeperushi vya kanisa vinavyoletwa kuchapwa hapa mjini mara nyingi ni vya Gĩkũyũ au Kĩkamba, na lugha hizo haziandikiki bila ĩ na ũ. Mkusanyo wa herufi wa zamani wa Windows kwa lugha za Ulaya Magharibi, ule ambao fonti nyingi za bure za mapambo zilitengenezwa kwa kuufuata, una ñ, ã na õ, lakini hauna ĩ wala ũ. Fonti ya maandishi ya mkono inayopendeza kwenye jalada la kijitabu inafika kwenye jina la marehemu na kuweka kisanduku kitupu, au programu inaazima herufi hiyo kutoka Arial na jina linatoka na herufi mbili za umbo geni katikati yake. Familia huliona mara moja, hata kama fundi hakuliona.

Ukaguzi wake ni mfupi. Fungua Character Map, chagua fonti, uzitafute herufi zenye namba U+0129 na U+0169, pamoja na herufi kubwa zake, U+0128 na U+0168. Zikiwa hazimo, fonti hiyo haifai kwa kazi hiyo hata ikiwa nzuri namna gani. Arial na Times New Roman zilizokuja na XP zinazo. Kwa kitu kilichobuniwa kwa uangalifu zaidi, Charis SIL na Gentium ni za bure na zilitengenezwa kwa kuzifikiria lugha za namna hii.

Mara nyingine fonti inazo herufi zote lakini alama inakaa kando ya herufi badala ya juu yake. Chanzo hapo ni matini. Simu na baadhi ya programu huandika ĩ kama vitu viwili, yaani i ya kawaida ikifuatiwa na alama ya wimbi inayojitegemea, na fonti isiyoijua alama hiyo huiweka inapopata. Katika Word 2003, weka kielekezi mara tu baada ya herufi unayoitilia shaka na ubonyeze Alt pamoja na X. Ikigeuka kuwa 0129, herufi ni moja na iko sawa. Ikitokea 0303, ni alama iliyotengana. Bonyeza tena kuirudisha ilivyokuwa. Ili kurekebisha hati nzima, fungua dirisha la kutafuta na kubadilisha, andika i^u771 mahali pa kutafutia, na mahali pa badala ubandike ĩ iliyonakiliwa kutoka Character Map. Rudia kwa u, kisha kwa herufi kubwa. Njia hiyo ya Alt na X hutumika pia kuandika: chapa 0129, bonyeza, na ĩ inatokea. Ila ikiwa herufi inayotangulia ni yoyote kuanzia a hadi f, zichague kwanza tarakimu nne hizo peke yake, la sivyo Word itaihesabu herufi hiyo kuwa sehemu ya namba.

Kuna programu ambazo hazitaweza hata ukifanya haya yote. PageMaker 7, programu ya kupanga kurasa, haifuati Unicode, yaani utaratibu unaoipa kila herufi namba yake kama hizo U+0129, kwa hiyo ĩ haiingii humo kwa njia ya halali. Wengine huikwepa kwa kutumia fonti zilizochakachuliwa, ambamo umbo la ĩ limewekwa mahali pa herufi nyingine. Ukurasa hupendeza mpaka siku hati inapofunguliwa penye fonti tofauti, na jina zima hugeuka takataka. Wengine huandika î na û zenye kofia, ambazo fonti za zamani zinazo, na wasomaji wengi wamezizoea. Maoni yangu ni kwamba uamuzi huo si wa fundi. Waonyeshe wenye kazi nakala ya karatasi, waambie wazi kwamba fonti waliyoipenda haina herufi zao, na wachague wao kati ya kubadilisha fonti na kubadilisha tahajia.

Kwa kazi za Eastleigh, ambako huletwa pia maandishi ya Kiarabu na Kiamhari, tatizo hubadilika. Kiarabu kikitoka na herufi zilizoachana, zikienda kutoka kushoto, fonti haina kosa. Nenda Control Panel, fungua Regional and Language Options, ukurasa wa Languages, uweke tiki kwenye mstari wa maandishi changamano na yanayoandikwa kutoka kulia. Windows itaomba CD yake ya asili au folda ya I386, kisha itataka kuwashwa upya. Kiamhari hakihitaji hatua hiyo, bali kinahitaji fonti yenye herufi zake, kama vile Abyssinica SIL, kwa kuwa XP haikuja na yoyote.

Kwenye skrini ni sawa, kwenye karatasi ni fonti nyingine

Driva za printa za PostScript (lugha ya kuielezea printa ukurasa) zina jedwali la kubadilisha fonti: Arial inaombwa, printa inachora Helvetica yake ya ndani, kwa kuwa ndiyo haraka. Kwa fonti za kawaida tofauti haionekani, lakini herufi kama ĩ zinaweza kupotea kwa sababu fonti ya ndani ya printa haina. Katika mipangilio ya juu ya printa, tafuta sehemu ya TrueType Font na uchague "Download as Softfont", ili fonti yenyewe itumwe pamoja na kazi.

Faili ikienda kwenye duka lingine ambalo halina fonti hiyo, CorelDRAW huko itafungua dirisha la kupendekeza fonti inayofanana, na fundi mwenye haraka atakubali. Geuza maandishi yawe michoro kwa Ctrl na Q kabla ya kutuma. Hifadhi kwanza nakala ambayo haijageuzwa, kwani baada ya hapo hutaweza kusahihisha hata koma.

Herufi zenye kingo za meno kwenye skrini

Hili si tatizo la uchapishaji. Fonti mpya nyingi hazina maelekezo ya ndani ya kuzinyoosha kwenye skrini za zamani. Bofya eneo tupu la skrini kwa kitufe cha kulia, fungua Properties, Appearance, kisha Effects, uchague ClearType, njia ya kulainisha kingo za herufi, ambayo XP huja nayo ikiwa imezimwa.

Kompyuta imekuwa nzito baada ya kusakinisha

Mtu amenunua CD ya maelfu ya fonti na kuzimwaga zote. Windows 98 ilikuwa na ukomo wa takribani fonti 1,000. XP haina ukomo wa namna hiyo, lakini kila fonti huongeza muda wa kuwaka na wa kufungua programu, na moja mbovu miongoni mwao inaweza kuiangusha CorelDRAW kila inapofunguliwa. Kompyuta ikishindwa kuwaka vizuri, bonyeza F8 mwanzoni, ingia Safe Mode (hali ya kuwasha mambo ya msingi tu), uhamishe fonti zilizoongezwa hadi folda nyingine, kisha uzirudishe kwa mafungu madogo mpaka mbovu ijulikane. Usiguse Tahoma, wala fonti zilizofichwa kama Marlett. Marlett ndiyo inayochora vitufe vya pembeni mwa madirisha, na ikiharibika, mahali pa alama za kupunguza, kukuza na kufunga utaona 0, 1 na r.

Usalama wa faili unazoleta

Katika XP, fonti husomwa na kiini cha mfumo chenyewe, kwa hiyo faili iliyotengenezwa kwa nia mbaya inaweza kuitawala kompyuta nzima. Mwaka 2011 programu haribifu iliyoitwa Duqu ilipenya kupitia kasoro ya usomaji wa fonti za TrueType, na Microsoft iliiziba Desemba mwaka huo. Kasoro nyingine, ya upande wa OpenType, ilizibwa Julai 2015, wakati XP ilikuwa tayari imeachwa. Pakua fonti kwenye kompyuta nyingine yenye mfumo unaohudumiwa, moja kwa moja kutoka kwa watengenezaji wake, uzikague huko kwa programu ya virusi, ndipo uzilete kwa flashi. Kompyuta ya XP haina haja ya intaneti ili ikate stika.

Fonti ikikataa baada ya haya yote, andaa ukurasa kwenye kompyuta mpya, geuza maandishi kuwa michoro, na uhifadhi kama EPS au PDF ya toleo la 1.3 au 1.4, ambayo programu za zamani huweza kuisoma. XP itakuwa inapokea maumbo matupu, na mashine yake itayachapa kama yalivyo. Toa karatasi moja kwanza, na kama matini ni ya Gĩkũyũ au Kĩkamba, asomewe au aisome mtu anayeijua lugha hiyo kabla pleti haijatengenezwa.